Sinia la Wafalme Wawili

Nchi ninayoisimulia haina jina. Msidhani ninalificha kwa woga. Mimi ni mtumishi mwaminifu wa serikali, na sina cha kuogopa isipokuwa serikali. Haina jina kwa sababu wafalme wetu wa kwanza walitawala wawili kwa pamoja, na sheria ilisema kila jambo la nchi lifanywe kwa kauli ya wote wawili. Kila mmoja alikuja na jina lake, hakuna aliyelegea, basi suala la jina likawekwa kiporo. Mpaka leo mabalozi wetu wakifika ugenini hujitambulisha kuwa wametoka "kwetu", na wenyeji wao, kwa adabu, hawaulizi zaidi.

Kwa nini wafalme wawili? Waasisi waliona kwamba mfalme mmoja hulewa madaraka, wakasema wawili watachungana. Hesabu nzuri. Ila haukupita muda mawaziri wakagundua kwamba watu wawili wanaochungana wanaweza pia kuzoeana, wakizoeana wataelewana, na wafalme wakielewana mawaziri watabaki na kazi gani? Ndipo likaletwa pazia.

Pazia letu ni zito, la rangi ya damu ya mzee, nalo linakigawa chumba cha enzi sawa kwa sawa. Mfalme wa Kulia hukaa upande wake, Mfalme wa Kushoto upande wake. Hawaonani, wala hawasemezani. Mwisho wa pazia, ukutani, kuna kigoda, na juu ya kigoda hicho hukaa mtumishi aitwaye Mkaa-Kati, ambaye ndiye peke yake katika nchi nzima anayewaona wote wawili. Mtumishi huyo ni mimi. Mfalme wa Kulia akitaka kumwambia mwenzake habari za asubuhi, huniambia mimi, nami naipeleka salamu hiyo kwa Waziri wa Pazia, Mheshimiwa Kalungwana, anayeikagua kama haina uchochezi. Ikishapita nampelekea Mfalme wa Kushoto. Kwa kawaida huwa jioni.

Kitu kimoja tu pazia lilishindwa kukigawa. Kiapo cha wafalme kinasema watakula sinia moja, na kiapo hakiguswi. Kwa hiyo pazia lilikatwa tundu kwa chini, sinia likaingizwa hapo, nusu huku na nusu kule, na mikono ikaruhusiwa kukutana juu ya wali. Tena ni mwiko mtu yeyote wa serikali kutia kitu kinywani, mchana wala usiku, kabla wafalme wote wawili hawajala. Wakimaliza, ngoma ya chakula hupigwa, na kuanzia hapo waziri na mfagiaji wana ruhusa ya kujaza matumbo yao.

*

Wafalme wa zama zangu walikuwa Sebeya, wa Kulia, na Luhende, wa Kushoto. Walisimikwa siku moja wakiwa vijana, kutoka koo mbili za mbali, na hawakuwahi kukutana kabla. Hawakuoa. Mfalme wetu haoi, maana mke ni mtu wa kuambiwa mambo, na mambo ya nchi hayatakiwi kuambiwa mtu. Rafiki naye haruhusiwi kwa sababu hiyohiyo. Mbwa aliwahi kujadiliwa barazani, akakataliwa kwa kura chache.

Miaka ya mwanzo kila mmoja alikula upande wake kimya kimya. Nilikuwa nikiwatazama kutoka kigodani, huyu anatafuna akiangalia pazia, na yule anatafuna akiangalia pazia. Nawaambieni ukweli, sijaona watu wapweke kama wale, na walikuwa wametengana kwa upana wa kitambaa.

Siku moja Mfalme Luhende alichukua kipande cha ini, akakisukuma kwa kidole mpaka upande wa pili. Mfalme Sebeya alikitazama kwa muda mrefu. Alilelewa kifalme, kwa hiyo kwanza alifikiria sumu. Halafu akakikata kati, akala nusu, akairudisha nusu ilikotoka. Nusu ile ikachukuliwa. Nikaona Luhende anatabasamu huku, na Sebeya anatabasamu kule, kila mmoja akilitabasamia pazia.

Baraza liliitishwa mara moja kuchunguza kama ini ni mawasiliano. Wanasheria walihojiana mpaka wakakauka koo. Uamuzi ulikuwa kwamba ini si kauli, kwa kuwa haliwezi kunukuliwa. Tangu hapo ikawa ada yao. Kila siku ini lilikwenda na nusu ikarudi. Samaki akiletwa, Sebeya alimtoa miba na kumsogeza ng'ambo, kwa sababu alikwisha kuuhisi mkono wa Luhende ukisita kwenye miba. Pilipili zote alizichukua Luhende, kwa sababu alikwisha kumsikia mwenzake akikohoa. Hivyo ndivyo walivyozeeka.

Mara moja tu Sebeya aliniuliza mwenzake ana sura gani. Nikamjibu kwamba sura ya mfalme ni siri ya nchi. Akaniuliza kama mwenzake huwa anacheka. Nikamwambia hilo ningelazimika kuliombea kibali wizarani. Akasema niache tu, asinipe taabu.

*

Mfalme Luhende alikufa asubuhi, kitandani, bila kumsumbua mtu. Kwa mfalme aliyeishi kwa utaratibu namna ile, alichagua siku mbaya, kwani baraza lilikuwa linakutana.

Mheshimiwa Kalungwana aliifungua sheria mbele ya mawaziri wenzake, na wote wakaisoma upya kama watu waliotumiwa barua isiyo yao. Sheria ilisema hivi: kifo cha mfalme kitatangazwa na wafalme wote wawili kwa kauli moja, na kabla hakijatangazwa hakijatokea. Waasisi waliiweka hivyo ili mfalme mmoja asimzushie mwenzake kifo. Waliwaza kila kitu, Mungu awarehemu, isipokuwa kwamba mfalme mmoja anaweza kufa kweli.

Waziri wa Sheria alishauri marehemu aombwe kauli yake. Ilikwenda tume, ikarudi, ikaripoti kwamba Mtukufu hana pingamizi kwa sasa. Mwili ukahifadhiwa katika ghala la chumvi, kwa muda, na baraza likaendelea na ajenda.

Saa ya chakula sinia liliandaliwa kama kawaida. Mfalme Sebeya akasukuma ini lake, likakaa pale pale. Akangoja. Akalisukuma tena kidogo, labda mwenzake hakuliona. Kisha akaniambia, "Mwambie mwenzangu ale." Nikaenda kwa Waziri, nikarudi na jibu kwamba Mfalme Luhende anashukuru, ameshiba. Kesho yake pia alikuwa ameshiba. Ila kwa kuwa wafalme wote wawili hawakuwa wamekula, ngoma haikupigwa, na mawaziri walirudi makwao jioni wakiwa wekundu wa macho. Hapo ndipo serikali ilipoamua kuajiri mkono.

Nafasi ilitangazwa, na usaili ukaendeshwa kwa haki tupu. Waombaji walisimama nyuma ya mlango, kila mmoja akapitisha mkono wake kwenye tundu la mlango, ili wasaili wasivutwe na sura wala ukoo wa mtu. Ni sadfa tu kwamba mkono ulioshinda ulikuwa umevaa pete ambayo Mheshimiwa Kalungwana alimpa mpwa wake, Bwana Rashombo, siku ya harusi.

Bwana Rashombo akavuliwa pete, akakalishwa upande wa Kushoto. Sinia likaja. Mfalme Sebeya alipouona mkono unatokeza chini ya pazia uso wake ulichangamka, akachagua kipande kikubwa cha ini, akakisukuma haraka. Mkono ukalichukua ini, ukaondoka nalo. Mfalme akangoja nusu yake. Mkono ukarudi mtupu, ukapapasa sinia, ukachota pilau, ukarudi tena kutafuta nyama.

Sebeya aliunyoosha mkono wake akaushika ule mwingine kwenye kiganja. Aliugeuza polepole, akaupapasa vidole kimoja kimoja. Upande wangu mwingine nilimwona Bwana Rashombo amejaa wali mdomoni, jasho linamtoka. Kisha Mfalme akauachia, akajifuta, akanigeukia.

"Amekufa lini?" akauliza.

Nilijibu kama nilivyofunzwa, kwamba Mfalme Luhende ni mzima wa afya na anamsalimu sana. Hakubishana nami. Alibaki amelitazama sinia mpaka wali ukaganda.

*

Lazima nikiri kwamba serikali haijawahi kwenda vizuri kama majuma yale. Mfalme Luhende, tangu afariki, aligeuka kuwa mfalme bora kuliko wote waliomtangulia. Hakuchelewa kikao. Hakuuliza maswali. Sheria za mawaziri kujiongezea mashamba zilipelekwa kwake, naye akanyamaza, na kwa mujibu wa kanuni za baraza kunyamaza ni kukubali. Mheshimiwa Kalungwana alisimama barazani akamsifu kwa hotuba.

"Ndugu waheshimiwa," alisema, "hekima ya Mtukufu Luhende imekomaa. Zamani alikuwa mwepesi wa kusema, leo ni msikivu. Zamani alikuwa na hasira, leo hana. Wangapi kati yetu wanaweza kusema wamepiga hatua kama yeye?"

Wakapiga makofi mpaka vumbi la dari likadondoka.

Ila kauli za wafalme ni mbili, na ya pili ilikuwa ya Sebeya. Huyu hakuwa anakubali wala kukataa. Kila nililompelekea alinijibu jambo moja, kwamba anataka kumlilia mwenzake. Hakutaka urithi wa mwenzake, wala upande wake wa chumba. Alitaka Luhende azikwe kama watu wanavyozikwa, na yeye akae matangani kama mfiwa, avue taji, alie, aambiwe pole. Mambo ambayo mchuuzi wa mboga hupewa na majirani bila kuomba.

Mheshimiwa Kalungwana alikuja mwenyewe kumjibu.

"Mtukufu," alisema, "kumlilia mtu ni kutangaza kuwa amekufa. Kutangaza kunahitaji kauli ya wafalme wote wawili. Nimemfikishia Mtukufu Luhende ombi lako."

"Akasemaje?"

"Amenyamaza."

"Si mnasema kunyamaza ni kukubali?"

"Katika sheria za mashamba, ndiyo. Katika misiba kunyamaza ni kukataa. Ni kanuni mpya, ameipitisha juzi."

Waziri si mtu katili, nisije nikamsingizia. Alimwonea huruma, akamtafutia njia. Alisema wizara inaweza kutoa kibali Mfalme alie hadharani kwa sababu ya ukame, na humo ndani ya machozi ya ukame anaweza kuchanganya na yake, hakuna atakayepekua. Mfalme alielekeza kidole dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu mwanzo wa mwezi, na vijiji vya bondeni vimehama. Waziri akasema hilo lisimtie shaka, ukame unaweza kutangazwa.

Mfalme alimshukuru, akamwambia aende. Walipobaki yeye na mimi aliniambia jambo ambalo sikupaswa kulisikia bila kibali.

"Unajua, Mkaa-Kati, sijawahi kupata mtu mwingine. Kama si msiba wangu, ni wa nani?"

Hakunipa ujumbe wa kumpelekea mtu, na bila ujumbe mimi sina la kusema.

*

Kesho yake sinia lilipokuja Mfalme Sebeya hakunawa mikono. Mkono wa serikali ulijitahidi sana upande wa pili, ukala ini lote, lakini sheria inataka wafalme wote wawili wale. Ngoma haikupigwa.

Saa za mchana zikapita. Jikoni mapilau yalikuwa yamefunikwa, harufu inatambaa kwenye korido za wizara zote, na hakuna mtumishi aliyeruhusiwa kufunua kifuniko. Kuacha kazi na kwenda kula nyumbani ni uhaini. Waziri wa Ulinzi alisinzia kwa udhaifu akaanguka juu ya ramani ya mipaka. Waziri wa Sheria, aliyekuwa mkali kuliko wote katika kutetea mwiko, alikutwa na muhogo wa kuchoma kwenye mkono wa joho lake, akajitetea kwamba ni kielelezo cha kesi.

Siku ya pili ikawa vilevile. Walituma madaktari kumpima Mfalme kama ana ugonjwa wa tumbo. Walituma waimbaji kumwimbia sifa za wali wa nazi. Walimtuma Bwana Rashombo arudishe nusu ya ini kama desturi, na kijana wa watu alijitahidi, ila kwa mazoea aliirudisha ikiwa imeumwa. Mfalme hata hakuitazama.

Siku ya tatu Mheshimiwa Kalungwana alikuja ameushika ukuta. Shavu limeingia ndani, ile sauti ya hotuba imekwisha. Akakaa chini, bila kuombwa, upande wa Kulia wa pazia, jambo ambalo waziri hafanyi.

"Ipo njia moja," alisema. "Wafalme wote wawili wakifa siku moja, sheria inaliruhusu baraza litangaze lenyewe. Hapo kunakuwa na mazishi, matanga, na wafalme wapya."

"Basi nimekufa," akasema Mfalme Sebeya.

Waziri alidhani njaa inamsemesha Mfalme, akamfafanulia kwa upole. Alimwambia kwamba mfalme aliyekufa hafufuki. Ataondoka bila taji, bila jina, bila nyumba. Hatapokea chochote kutoka serikalini, maana serikali haina fungu la marehemu wanaotembea. Akimwambia mtu yeyote kwamba yeye ni Sebeya, atakamatwa kwa kosa la kumtukana hayati Sebeya.

"Mazikoni nitaruhusiwa kufika?"

Waziri alifikiri. "Mazishi ya wafalme ni ya umma, Mtukufu. Mtu yeyote anaruhusiwa."

Mfalme akanawa mikono, akavuta sinia, akala tonge moja, likapita kwa shida. Ngoma ikapigwa. Nyumba nzima ya serikali ilitimka kuelekea jikoni kiasi kwamba hakuna aliyemwona nikimtoa kwa mlango wa nyuma, amevaa kanzu kuukuu ya mpishi iliyomwishia magotini.

*

Yalikuwa mazishi makubwa kuliko yote katika historia ya kwetu. Majeneza mawili yalipangwa uwanjani. La Kushoto lilikuwa wazi, ili wananchi wamwone mfalme wao kwa mara ya kwanza na ya mwisho. La Kulia lilifungwa, ikaelezwa kwamba Mtukufu Sebeya alikufa kwa uchungu wa kumpoteza mwenzake na uso wake haufai kutazamwa. Ndani yake mlikuwa na magunia ya chumvi. Wananchi walililia hilo zaidi, maana lilikuwa zito na wabebaji walionekana wakiteseka.

Mimi niliwekwa kati ya majeneza, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoijua. Mheshimiwa Kalungwana alihutubia. Alisema wafalme hawa walikuwa kitu kimoja, kwamba ni sisi tuliokuwa karibu nao tunaojua pengo waliloliacha, na kwamba mawaziri wao wamefiwa kuliko mtu yeyote. Kisha wafiwa hao walikaa kwenye mkeka wa matanga, wameshiba, kila mmoja na kitambaa cheupe mkononi, na Bwana Rashombo akakaa nao kama ndugu wa karibu wa marehemu. Watu wakapanga mstari kutazama maiti na kuwapa pole.

Nilimwona akija katika mstari, kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na fundi viatu. Hakuna aliyemgeukia. Uso ambao umefichwa nyuma ya pazia tangu ujana ni uso wa mtu yeyote tu.

Alipofika kwenye jeneza la wazi alisimama. Alitazama, akainama, akatazama tena, kama mtu aliyeelekezwa nyumba asiyoijua.

"Ndiye?" aliniuliza.

"Ndiye."

"Nilidhani ana ndevu," akasema.

Askari alimwambia asizuie mstari, wenzake wanangoja. Akasogea. Jeneza lake mwenyewe alilipita bila kulitupia jicho. Alipofika kwenye mkeka alifanya kama walivyofanya waliomtangulia, akanyoosha mkono.

"Poleni, waheshimiwa," alisema.

"Tumeshapoa," akajibu Mheshimiwa Kalungwana, na mkono wake ulikuwa tayari umeshaelekea kwa fundi viatu.

Baada ya hapo wananchi walijua pa kwenda. Wengine walikwenda kupakuliwa chakula, wengine walirudi makwao. Yeye alisimama pembeni ya uwanja, akageuka huku, akageuka kule. Tangu asimikwe hakuwahi kutoka mahali bila kuongozwa na mtu. Mwishowe aliketi chini, nyuma ya mitungi ya maji, akafunika uso kwa mikono, na mabega yakaanza kumtikisika. Waombolezaji walimpita. Walidhani ni raia mmoja mwenye kuipenda sana serikali.

Ndani tayari wafalme wapya walikuwa wanakalishwa, mmoja huku na mwingine kule, na nilisikia nikiitwa kwenye kigoda. Nikasimama. Nikaenda upande wa mitungi. Sikuwa na ujumbe wa mtu yeyote, wala kibali, na njiani sikujua nitaanzaje.

Nikachuchumaa mbele yake, nikampa mkono.

"Pole, bwana," nikamwambia. "Pole sana kwa msiba."

Akaniangalia kama anayengoja kusikia ni nani aliyenituma. Alipoona hakuna, aliupokea mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akajibu kama watu wanavyojibu, kwamba ameshapoa. Waliendelea kuniita ndani, naye hakuniachia.